Walininusa Mdomo, Hawakunitazama Kichwa

Mimi si mlevi. Naanza na hilo kwa sababu katika ofisi ya usharika wetu kuna daftari lenye jina langu, na mbele ya jina hilo pameandikwa neno moja: ulevi. Pombe niliiacha siku binti yangu wa kwanza alipozaliwa, na leo binti huyo ana watoto wanaonipita kimo. Kwa hiyo anayesoma haya ajue anamsoma mtu mwenye hasira. Sitaificha ili nionekane mtakatifu.

Nimesoma hadi darasa la nne. Barua hii ndefu nimeiandika kwa mkono wangu, na ninaiandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua, labda yuko Kyerwa, labda yuko Bugene nyuma ya nyumba yangu, ambaye ana mzee nyumbani anayepepesuka, anayeangusha vikombe na kusinzia mchana, na watu wameanza kumcheka. Msome mzee wako vizuri kabla hujamhukumu. Mimi sikusomwa.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha kukoboa kahawa, enzi ambazo Kyerwa na Karagwe zilikuwa wilaya moja. Sikuwa kipa wa kubahatisha. Nilikuwa na mkono wa kushoto ambao Mungu hakuwapa wengi. Makipa wengine wakidaka mpira walikuwa wakiupiga teke kwenda popote. Mimi niliurusha. Ulivuka mstari wa kati ungali juu, ukashuka miguuni mwa Zakaria, winga wetu, kama vile nimempelekea kwenye sahani. Sikuhitaji kumwita wala yeye kugeuka. Alianza kukimbia mara tu aliponiona nimeudaka, nami nilijua atakuwa wapi. Watu wakaniita Manati, na jina hilo likafika hadi Bukoba nilipochaguliwa timu ya mkoa.

Glavu tuliziona kwa wageni. Kazi yangu ilikuwa kujitupa miguuni mwa watu wanaokimbia, kichwa kikiwa mbele. Pale Murongo, tukicheza na vijana wa upande wa Uganda, goti la mtu lilinipata hapa juu ya sikio nikazimia. Wakanimwagia ndoo ya maji. Mwalimu wetu wa mpira akanionyesha vidole, akauliza ni vingapi. Nikasema viwili. Akasema safi, rudi golini. Baadaye Zakaria aliniambia vilikuwa vitatu. Tulicheka kwa miaka mingi, kwa sababu siku hiyo tulishinda.

Mpira ulinipa kikombe cha bati, vidole vitatu vilivyopinda na jina. Vingine vyote nimejipa mwenyewe. Nilipoacha kucheza nilipakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli nikaisukuma milima yote hadi soko la Kayanga, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Shamba langu la migomba na kahawa hakunirithisha mtu, na nyumba yangu ya bati niliijenga kabla jirani zangu hawajaezua nyasi. Nikawa mzee wa kanisa. Zakaria naye akawa mzee wa kanisa. Tulikaa benchi moja, tukazeeka.

Mwaka juzi, kahawa ikiwa inaanikwa, vijana wa Kayanga waliandaa mechi ya wakongwe. Wakatuita kwa vipaza sauti kama wafalme. Nilipaswa kukaa kwenye kiti na kupunga mkono, lakini mtu akisema Manati yuko wapi, mimi nikae? Nikaingia golini. Ikapigwa kona, nikaruka upande wa kulia, na kichwa kikakutana na mlingoti. Enzi zetu milingoti ilikuwa ya mikaratusi, ina huruma kidogo. Hii ya sasa ni ya chuma.

Zakaria ndiye aliyeninyanyua.

"Manati, upo?"

"Nipo."

"Kichwa je?"

"Kichwa ni changu. Shughulika na goti lako."

Uwanja mzima ulicheka. Tulipokuwa tunatoka nikamwambia taratibu, nikimwogopa mke wangu, "Mama Kemi asijue." Akaniambia, "Mimi nimeona nini?" Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, wazee wawili wajinga.

Mwezi mzima sikuona kitu. Mvua za kwanza zilipoanza, watu wakipanda maharage, kichwa kikaanza kuuma asubuhi, maumivu mazito kama mtu amekaa juu yake. Nikameza dawa za dukani. Kisha mguu wa kushoto ukawa mvivu. Ulikuwa unachelewa. Nikipanda ngazi ya barazani kwangu, mguu wa kulia unafika, wa kushoto unajikwaa. Kandambili ilikuwa inanivuka na mimi sijui, hadi mke wangu aniambie, "Baba Kemi, kiatu chako kiko kule." Nikaanza kusinzia nikiwa naongea. Nikaanza kumwaga chai. Nilikuwa nakasirikia kikombe.

Sasa sikilizeni jinsi watu wa kwetu wanavyofikiri, kwa sababu hapa ndipo nilipochinjiwa. Sisi tunakamua ndizi kwa miguu. Mti mkubwa unachongwa kama mtumbwi, ndizi zilizoivishwa zinamwagwa humo pamoja na nyasi, mwanamume anaingia na kukanyaga hadi juisi itoke. Juisi hiyo mbichi tunaiita omuramba, hata mtoto mchanga anaonjeshwa. Ukitia mtama uliokaangwa na kufunika, kesho yake una rubisi, na rubisi inalaza mtu mtaroni. Mimi nilikuwa nakamua omuramba kila Jumamosi na sikutia mtama. Wanakwaya walikuwa wanakuja kunywa kwangu bure. Lakini harufu ya ndizi haitoki miguuni kwa kuoga mara moja, na mtu anayepita barabarani haoni kama mtama umetiwa au haujatiwa. Anaona mzee yuko mtumbwini Jumamosi, na Jumapili mzee huyo anapepesuka.

Jumapili hiyo nilikuwa nabeba kikapu cha sadaka. Mguu wa kushoto ulichelewa hatua moja kabla ya madhabahu. Nikaanguka kifudifudi, sarafu zikaviringika hadi kwa wanakwaya. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia kitu kibaya zaidi, nilisikia mama mmoja akisema, "Yesu wangu, hata kanisani?"

Wazee tukaitwa ofisini. Mwinjilisti alikuwa na lile daftari. Zakaria ndiye aliyeanza kuuliza.

"Mzee mwenzangu, jana ulikuwa mtumbwini?"

"Nilikuwa."

"Ulikanyaga ndizi?"

"Omuramba. Mtama sikutia."

Nilitaka kusema hivyo. Ulimi ulikuwa mzito, neno mtama likatoka limelegea, limeburuzika. Wakatazamana. Mwinjilisti akainamisha uso akaitazama kalamu yake kama mtu mwenye aibu kwa niaba yangu.

"Mnasikia wenyewe," akasema Zakaria. "Na siyo leo tu. Tangu mvua zianze anatembea hivi. Mimi nampenda, ni ndugu yangu, lakini kanisa lisichezewe."

Nilimtazama nikingoja aseme habari ya mlingoti. Alikuwa ameniinua kwa mikono yake. Nilingoja. Akaangalia dirishani. Na mimi, Manati, mtu mzima mwenye shamba, nikaona ni fedheha kusema mbele ya watu kwamba niligongwa na goli nikicheza na watoto. Nikanyamaza. Kiburi changu na woga wake vikakaa pamoja meza moja. Nikatengwa: nisishiriki meza ya Bwana, nisihudumu, hadi nitakaposimama mbele ya watu na kutubu.

Nitubu nini? Nilirudi nyumbani nikiburuta mguu, na watoto wa njiani wakaniigiza.

Mke wangu anaitwa Yunia. Tumeishi pamoja tangu nikiwa kipa. Siku moja mchana nilikuwa nimelala kwenye mkeka barazani, macho nimeyafumba lakini sijasinzia. Nikasikia joto la uso wake karibu na wangu. Alikuwa ananinusa mdomo. Alinusa mara mbili, kama mtu anayepima maziwa kama yamechacha, kisha akaondoka kwa ncha za vidole. Sikufumbua macho. Katika ugonjwa wote huu, katika visu na sindano zote, hakuna kilichoniuma kama pumzi ile.

Nilitafuta tiba nilizozijua. Fundi wa kuumika alikuja na pembe zake, akanichanja kwenye paji la uso na nyuma ya shingo, akanyonya damu. Akanionyesha damu iliyoganda kwenye pembe akasema, "Uchafu wenyewe ndio huu." Nilijisikia nafuu siku moja. Kesho yake kichwa kikarudi na makovu juu yake. Damu iliyokuwa inaniua ilikuwa ndani ya mfupa, na pembe haivuti kupita mfupa.

Zahanati nilienda mara tatu. Benchi la pale ni ubao mmoja juu ya matofali, wa ukingoni akiinuka, wa ukingo wa pili anaanguka. Nimekaa hapo asubuhi hadi saa nane. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima presha, iko juu kidogo. Mara ya tatu muuguzi mmoja, umri wa mjukuu wangu, alinitazama ninavyoingia, akaandika bila kuinua kichwa, akasema, "Babu, punguza pombe." Hakuuliza hata jina. Yunia alikuwa kando yangu. Hakunitetea.

Senene walipokuja, ndipo nilipoogopa. Nyumba nzima ilikaa chini kuwachambua, kunyofoa mbawa na miguu, kazi ambayo mtoto wa miaka mitano anaifanya. Mkono wangu wa kushoto ulimshika senene ukashindwa kumwachia. Kisha ukashindwa kumshika. Mkono ule! Nikawa nautazama kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa karibu yangu. Na asubuhi hiyo hiyo nikajikojolea nikiwa nimekaa. Yunia alinivua suruali, akaniosha, akanivisha. Kisha akachukua simu yake ya kitochi akampigia binti yetu Kemi, fundi cherehani wa Kayanga. Nilimsikia akisema, "Njoo umchukue baba yako. Huu si ulevi. Nimemlinda wiki nzima, hajanywa chochote. Nimekosea, mwanangu, njoo."

Hospitalini tulikaa kwenye korido siku nzima. Nimejifunza kitu kuhusu korido za hospitali: wanaokuja na kelele wanaingizwa, na wanaokuja wamenyamaza wanasahauliwa. Wewe mwenye mgonjwa, piga kelele. Kemi alipiga. Alisimama mlangoni kwa daktari akasema haondoki, na walinzi walete polisi kama wanataka.

Daktari alikuwa mama kijana. Aliniamkia shikamoo kwanza, nikashangaa, nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mtu wa kuamkiwa. Akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, nifumbe macho. Nikafanya.

"Fumbua sasa, baba."

Wa kulia ulikuwa pale pale nilipouweka. Wa kushoto ulikuwa umeshuka hadi mapajani, na sikuwa nimeusikia ukishuka.

"Uliwahi kugonga kichwa?"

"Nilikuwa kipa, mwanangu. Unataka nihesabu?"

"Mwaka huu."

"Hapana."

Ndiyo, nilisema hapana. Nimewaambia mimi ni mtu gani. Kemi akaniangalia, akafungua simu yake. Kumbe vijana walipiga video ile siku ya mechi, ikazunguka Kayanga yote, watu wakaicheka kwenye mabenchi ya bodaboda na masaluni. Yeye mwenyewe aliicheka. Akampa daktari. Nikajiona naruka, nikajiona nagonga, na nikasikia mlio. Ulikuwa mlio wa sufuria. Yunia alishika mdomo. Na pale kwenye video, waziwazi, Zakaria amenikumbatia, mkono wake uko juu ya kichwa changu palepale pa kugonga.

"Tata," Kemi akasema, akiniita baba kwa lugha yetu, "mbona hukusema?" Akaanza kulia. "Mbona mimi sikusema?"

Jibu ninalo sasa. Kayanga nzima iliona mtu anagonga chuma, na Kayanga nzima ikaona mtu anapepesuka, na hakuna aliyeviweka pamoja kwa sababu cha kwanza kilikuwa kichekesho na cha pili kilikuwa dhambi.

Tulipelekwa Mwanza. Safari ile siikumbuki, nilikuwa nasinzia. Nakumbuka kulazwa kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, na sauti ikisema usitikisike. Nakumbuka kunyolewa. Daktari wa pale alisema damu imejikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo kwa miezi na inausukuma, watatoboa matundu mawili waitoe. Zaidi ya hapo mkaulize wenye shahada. Yunia ndiye aliyeona ilivyotoka, walimwonyesha chupa. Aliniambia ni nyeusi kama oili ya injini iliyochakaa.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta mkono wa kushoto. Niliuambia funga, ukafunga. Fungua, ukafungua. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mzee wa Kyerwa, amevunjika nyonga, akanisikia nazungumza na mkono wangu kwa Kinyambo. Akauliza, "Anakujibu?" Nikasema, "Ananijibu." Akasema, "Basi mwambie anipe maji." Nikainua kikombe kwa mkono huo nikampa, sikumwaga. Tulicheka hadi nikashikilia bandeji. Sijui jina lake la ukoo na sijamwona tena, ila nikimkuta nitamchinjia mbuzi.

Krismasi ilinikuta wodini. Nilirudi Bugene nimekonda, kichwa kina mashimo mawili yanayoingia ncha ya kidole, naogopa kuinama. Nywele ziliota nyeupe kabisa. Wiki za kwanza nilitembea kwa fimbo, Yunia nyuma yangu akiwa ameshika shati langu kama anayemfundisha mtoto baiskeli. Jioni moja akaniambia, akiwa ananipaka mafuta kwenye makovu, "Nilikunusa." Nikasema, "Najua." Nilikuwa na hasira naye, na alikuwa na hasira na mimi kwa kumficha, na tuliziacha hasira hizo zikae ndani ya nyumba kama wageni hadi zilipochoka zenyewe.

Masika yalipopamba moto, nikiwa nimeanza kupunguzia migomba majani, mwinjilisti na Zakaria walikuja. Yunia akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi. Mwinjilisti akamshukuru Mungu kwa maneno mengi. Kisha akasema Jumapili ijayo kuna ibada ya kuwapokea wanaorudi kundini, na wameona vema niwe mmoja wao.

"Nirudi kutoka wapi?" nikauliza.

"Ni utaratibu tu, mzee. Jina limeandikwa. Unasimama na wenzako, mchungaji anauliza, unajibu ndiyo, tunakupokea. Dakika mbili."

"Mchungaji anauliza nini?"

Akakohoa. "Kama unatubu."

"Ulevi."

"Mzee, kila mtu anajua sasa kwamba ulikuwa ugonjwa."

"Kama kila mtu anajua, chukua kalamu ufute."

"Daftari la kanisa halifutwi hivi hivi."

Nikamgeukia Zakaria. Kahawa ilikuwa bado kiganjani mwake, hajaitia mdomoni.

"Uliniinua wewe. Mkono wako ulikuwa hapa. Ukakaa ofisini ukaangalia dirishani."

"Wewe ndiye uliniambia nisiseme," akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilisema Mama Kemi asijue. Nilikwambia uniite mlevi?"

"Manati, niliona aibu. Nilidhani kweli umerudia. Nikaona nikitaja mlingoti watasema nakutetea."

"Basi nitetee sasa. Simama wewe Jumapili, useme ulichoniambia hapa. Sitaki zaidi."

Mwinjilisti akasema tusiharakishe mambo. Wakaaga. Kahawa ya Zakaria niliikuta juu ya kiti.

Jumapili hiyo niliingia kanisani bila fimbo. Nilipita katikati, hatua zangu sawasawa, nikakaa benchi la mbele kabisa ili kila mtu ayaone matundu yangu mawili ya kichwa. Watu watano walisimama kurudi kundini. Sikuwa mmoja wao. Zakaria naye hakusema kitu. Alikuwa na zamu ya kuongoza watu mezani, benchi kwa benchi. Alipofika kwetu akasimama pembeni, akanyoosha mkono kuonyesha njia. Benchi zima likainuka, likapita mbele ya magoti yangu. Mimi sikutikisika. Na Yunia, ambaye hajakosa meza ya Bwana tangu kipaimara chake, aliyekwenda peke yake miezi yote ile niliyotengwa, alibaki amekaa, kanga ameikunja mapajani.

"Mama Kemi," Zakaria akanong'ona, "karibu mezani."

Kwaya ilikuwa imemaliza ubeti. Kanisa zima lilimsikia mke wangu.

"Niende na nani?"